Jembe la Mgeni

Jamila mwanangu,

Salamu za kwenye karatasi sikupi, maana jioni hii utaingia kwa mlango huu huu na nitakusalimu kwa mdomo. Sasa hivi ni saa nane mchana. Wewe uko Lunyo, umekwenda kumuaga bibi yako mzaa baba, na kwa jinsi ninavyomjua hatakuachia kabla hujala mara mbili. Nimefunga ubao mmoja wa mlango wa duka ili wateja wadhani nimekwenda kuswali, nimekaa kwenye kiti chako mbele ya kompyuta, naandika. Barua hii nitaiacha juu ya kibodi. Najua ukirudi, hata kabla ya kuvua viatu, utapita hapa kuangalia kama kila kitu kiko salama.

Sitakuandikia habari za chakula, wala chandarua, wala mahali pa kuficha hati zako ukiwa safarini. Baba yako amekupigia simu mara nne kutoka Juba kwa habari hizo, na amezisema vizuri kuliko mimi. Mimi nina jambo moja. Jana jikoni, ukimenya matoke, ulisema bila kuniangalia, "Mama, naweza kuwapigia wale wa chuo niwaambie wanisubiri hadi mwakani. Mimi nikiondoka, nani atakuunganishia ule ufunguo?" Nikanyamaza. Ukadhani nimenyamaza kwa huzuni. Nilinyamaza kwa aibu, Jamila. Nisipoandika leo utaahirisha tena kama ulivyoahirisha mwaka jana, na wale wa chuo cha Arusha hawatakuwekea nafasi mara ya tatu.

Niache nianze mbali. Unajua sijui kufika mahali bila kuzunguka.

Mashine hii ya kudarizi tuliinunua kuukuu, wewe ukiwa bado shule ya msingi. Fundi mmoja wa Mbale alikuwa anafunga duka lake kwa sababu ya uzee. Akanipa mashine yenyewe, akanipa kompyuta iliyokuwa imechakaa kuliko yeye, na mwisho akatoa mfukoni leso, ndani ya leso kuna kitu kidogo cha kijani, ukubwa wa kidole gumba. "Mama, hii ukipoteza, hiyo mashine ni chuma tu," akaniambia. Sikumwuliza kwa nini. Mimi, mtu ninayeuliza bei ya kitu nisichokitaka, siku ile nilijifanya mjuzi. Nikaona ni flashi. Nilipofika nyumbani nikajaribu kuweka ndani yake picha za harusi ya shangazi yako. Haikupokea hata moja. Nikaitukana, nikaitupa kwenye kopo la vifungo, na siku mbili nzima nikawa namlaani yule mzee kwamba ameniuzia mashine mbovu, kwa sababu programu ya kuchora nembo ilikataa kufunguka.

Kumbe kile kitu hakihifadhi chochote cha mtu. Ni ufunguo. Ile programu, kabla ya kufunguka, inapiga jicho kwenye matundu ya USB kuangalia kama ufunguo wake upo. Ukiwepo, inafunguka. Usipokuwepo, inakufungia mlango usoni. Kuuliza si ujinga, nami siku ile nilichagua ujinga ili nisionekane mjinga. Nimefanya hivyo mara nyingi maishani, na kila mara gharama yake imekuwa kubwa kuliko aibu niliyoikimbia.

Toka hapo nikaanza kukidadisi kile kidude. Nikikaa peke yangu nilikitoa nikakitazama. Kinaiambia nini ile programu? Kinasema kwa sauti gani? Mbona hakina betri? Nilikuuliza wewe, ukiwa bado na soksi za shule miguuni, ukaniambia, "Mama, hata mimi sijui, lakini nitajua." Mimi nikacheka. Ulikuwa umesema kweli.

Basi ile kompyuta ya mzee ikafa. Unaikumbuka ile asubuhi, wewe umemaliza mtihani wa kidato cha sita na unangoja matokeo, mimi nabonyeza nabonyeza, inatoa harufu ya kuungua na haisemi kitu. Tukanunua nyingine, ya mitumba lakini ya kisasa, kwa yule jamaa wa upande wa Kenya. Tukaweka ile programu, ikakataa. Ilitengenezwa zamani, haijui kuishi ndani ya kompyuta za siku hizi. Fundi wa barabara ya forodha akaja, akatazama, akasema, "Hii mashine yenu uza kwa kilo." Nilitoka nje nikasimama pale malori yanapojipanga, nikalia kidogo, nikarudi. Sikuwahi kukuambia hilo.

Wewe hukulia. Ulikaa chini ukaanza kusoma, siku nzima, ukaniambia unataka kutengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Mashine pepe, ndivyo ulivyoiita. Nilikujibu vibaya. Nilisema sikukusomesha ucheze na pepo. Ukacheka, ukanivuta kiti, ukanionyesha. Dirisha likafunguka katikati ya kioo, na ndani ya dirisha ile kompyuta ya zamani inaamka, na ile picha yake ya majani mabichi, na ule muziki wake. Nywele zilinisimama. Kompyuta niliyoiona ikifa kwa macho yangu.

Nilikuuliza maswali hadi ukachoka. Inakaa wapi? Ukasema ni faili tu. Inakula nini? Inakula kumbukumbu za kompyuta kubwa. Je, inajua kwamba iko ndani ya nyingine? Hapo ukafikiri kidogo. Ukasema, "Haijui, Mama. Inadhani iko peke yake duniani. Kompyuta kubwa inaitwa mwenyeji, hii ya ndani inaitwa mgeni." Jina likaniingia. Toka siku hiyo mimi simwiti kitu kingine. Mgeni ameamka? Mgeni amekwama? Wateja wanadhani tuna mtu amelala chumba cha nyuma.

Lakini Mgeni hakuuona ufunguo. Hapo ndipo nilipokuonyesha tabia yangu mbaya. Uliuchomeka, kompyuta kubwa ikauona, ikalia ile tuu yake ya kukaribisha, lakini Mgeni hana habari. Siku ya kwanza, siku ya pili. Mwalimu Ojambo wa Bulumbi alikuwa ameagiza sweta za shule yake, zile zenye jogoo kifuani, na kila asubuhi anasimamisha pikipiki hapo mlangoni. "Mama Jamila, sweta iko tayari? Watoto nasikia baridi." Namwambia kesho, kesho. Siku ya tatu ulikuwa umeinama, umefungua orodha ya vifaa, uko katikati ya jambo, mimi nikaja kwa nyuma nikauchomoa ufunguo kwa mkono wangu. Nikakuambia umeharibu kitu cha watu kwa kiburi cha kusoma. Nilisema hivyo, na jirani alisikia. Ulinyoosha kiganja tu, ukingoja niurudishe.

Nikakurudishia, kwa sababu sikujua la kufanya nao.

Ndipo uliponieleza, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kifaa cha USB hakiwezi kushikwa na wawili. Kikichomekwa, mwenyeji ndiye anayekidaka kwanza, kwa kuwa nyumba ni yake. Mpaka mwenyeji akiachie, Mgeni hatakiona. Na jina la kubonyeza ili mwenyeji akiachie lilikuwepo pale kwenye orodha, lakini limeandikwa kwa rangi hafifu, halibonyezeki. Nikakuuliza, kwa nini halibonyezeki na kompyuta ni yetu? Ukasema ndicho unachokitafuta kwa siku tatu. Jioni ukakipata: jina lako la kuingilia halikuwa kwenye kundi la wanaoruhusiwa kuvikabidhi vifaa. Nikashangaa sana. Mzigo ni wako, nyumba ni yako, na bado kibali huna. Halafu nikakumbuka tunaishi wapi, hapa mpakani, mshangao ukaniisha.

Ukajiandika kwenye kundi, ukazima, ukawasha. Ukabonyeza. Nikakuambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ukaanza kucheka. Ukasema, "Ndiyo, Mama, na jembe lake ni hili." Programu ikafunguka. Nilikukumbatia, lakini msamaha sikuomba. Wazazi wa kizazi changu tunadhani kumbatio linatosha. Halitoshi. Nisamehe kwa ule ufunguo niliouchomoa, na kwa yale maneno ambayo jirani aliyasikia.

Ungedhani baada ya hapo nimejifunza. Wiki mbili baadaye ulikuwa unahamisha nembo kutoka kwa Mgeni kwenda kwenye flashi, tuipeleke kwenye mashine. Ulinyanyuka ukaenda kufungua geti. Mimi kwa haraka zangu nikachomoa flashi, Mgeni bado anaandika. Nikaichomeka kwenye mashine, mashine ikaanza kushona, nami nikawa nabadilisha sweta tu bila kutazama, huku napika chai. Tulipokuja kuona, sweta kumi na moja zina jogoo asiye na miguu. Kifua kipo, upanga upo, mdomo umefunguka anawika, miguu hakuna. Haraka haraka haina baraka. Ulikaa siku mbili ukifumua uzi kwa wembe na hukunilaumu hata mara moja. Mwalimu Ojambo aliona moja ambayo hatujaifumua akasema, "Hii jogoo nakaa wapi sasa, kwa tumbo?" Wewe ulicheka, mimi nikakasirika naye. Nilikuwa nakasirikia mkono wangu.

Kukiachia kifaa kuna adabu yake, ulinifundisha. Unamwambia Mgeni kwanza, anamaliza anachofanya, anakiachia, ndipo unachomoa. Nimelifikiria sana jambo hilo mwaka huu. Silisemi ili nikuhubirie. Nalisema kwa sababu mimi kukushika najua, lakini kukuachia kwa adabu sijui.

Sasa nafika pale nilipokuwa napazunguka.

Unakumbuka ile siku uliporudi kutoka Tororo, ulikuwa umekwenda kuchukua cheti chako, ukakuta kompyuta imezimika vibaya? Ukaniuliza, nikakuambia umeme ulikatika. Umeme haukukatika. Nilikuwa mimi. Ulipotoka tu asubuhi nilikaa hapa, kwa sababu udadisi ulikuwa unanila. Nimekutazama miezi ukibonyeza vile vitu vinne vya kumpa Mgeni ufunguo, nikasema na mimi nijaribu. Nikamwamsha Mgeni. Nikachomeka ufunguo. Nikafungua orodha ya vifaa, majina yote yameandikwa kwa herufi na tarakimu ambazo hazina maana kwa binadamu. Nikachagua moja kwa kubahatisha. Kumbe nimechagua kipanya.

Jamila, nimemkabidhi Mgeni kipanya! Mshale ukatoweka kwenye kompyuta kubwa. Ukawa unatembea ndani ya dirisha la Mgeni tu, ukifika ukingoni unarudi, kama mbuzi aliyefikia mwisho wa kamba. Nikatikisa, nikapiga meza, nikamwomba Mgeni kwa heshima anirudishie, hana hili wala lile. Nikaona nimeua kompyuta ya pili. Nikang'oa waya ukutani. Uliporudi nilikuwa naosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Lakini usingizi wa siku zile haukuwa mtamu mpaka nijue kosa lilikuwa wapi. Ulipokwenda tena Tororo wiki iliyofuata nilirudia. Safari hii nilitumia akili. Kabla ya kuuchomeka ufunguo nilifungua orodha nikanakili majina yote nyuma ya risiti. Nikauchomeka, nikafungua tena. Jina moja limeongezeka, nikaliandika nalo kwenye risiti. Nikasema, wewe ndiye. Nikalibonyeza, alama ikatokea pembeni yake, Mgeni akalia ile tuu yake, programu ikafunguka mbele yangu. Peke yangu, na macho yangu haya. Niliinuka nikatembea chumbani, nikarudi nikakaa, nikainuka tena. Hata kipanya nilimpa Mgeni tena kwa makusudi, nijue dawa yake, na dawa ni ndogo: unachomoa waya wake, unachomeka upya, kinarudi kwa mwenyeji. Nilishona jogoo mmoja kwenye kitambaa cha majaribio nikakificha chini ya nyuzi nyeusi. Nilikuwa nakungoja urudi nikuonyeshe. Nilikuwa hata nimepanga nitakavyosema.

Ukarudi ukiwa umeshika simu, na kwenye simu kuna barua ya Arusha, umepata nafasi. Ulikuwa unang'aa. Ulinisomea yote. Kisha uso wako ukabadilika, ukaniuliza, "Mama, lakini utaweza kuunganisha mwenyewe?"

Nikasema, "Mimi? Na macho haya? Siwezi, mwanangu."

Neno hilo lilitoka lenyewe. Ningeweza kulirudisha palepale, kulikuwa na nafasi, uliniangalia kwa muda mrefu. Sikulirudisha. Siku tatu baadaye uliwaandikia wale watu kwamba hutakwenda mwaka huo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako ukiandika. Niliona kidole chako kinavyosita kabla ya kutuma. Kile kitambaa cha jogoo kilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwangu.

Mwaka mzima, kila asubuhi, umekuja hapa kubonyeza vitu vinne ambavyo mimi navijua, nami nasimama pembeni nimekunja mikono kama mtu wa kuja. Na ubaya zaidi ni kwamba nilifurahi. Nilipenda ile dakika yako ya asubuhi, unaniuliza nimelalaje huku unamwamsha Mgeni. Wakati ule ulipougua malaria nilimwambia Mwalimu Ojambo mashine haiwezi kufanya kazi bila wewe, na watoto wa watu wakangoja.

Yeye alinikamata. Miezi mitatu iliyopita ulivuka upande wa Kenya kununua nyuzi, kulikuwa na kazi ya haraka ya kanzu, nikamwamsha Mgeni mwenyewe. Sikusikia pikipiki. Nageuka, mwalimu amesimama mlangoni, kofia ngumu mkononi, ananitazama.

"Kumbe Mama unajua," akasema.

Nikamwambia, "Mwalimu, tafadhali usimwambie Jamila."

Akakaa kwenye lile gunia la vitambaa. Mashine ilikuwa imeanza kushona, sindano zinagonga tu. Kisha akasema, "Mimi nafundisha miaka mingi. Mtoto hajui jibu, hiyo si kosa. Lakini anajua na anaficha, hiyo mimi nashindwa. Sitasema. Utasema wewe." Akachukua mfuko wake wa sweta akaenda. Toka siku ile hata salamu zake zimekuwa fupi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye gunia la vitambaa.

Utaniuliza kwa nini. Najiuliza na mimi, na jibu nililonalo ni hili. Nilipoolewa na baba yako nikavuka mpaka kuja upande huu, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yangu alikuwa na mgahawa wake, mimi ndiye niliyekuwa nikikanda unga wa chapati kabla ya alfajiri. Siku ya kuondoka nilimwuliza, sasa nani atakanda? Hakuacha hata kupanga vikombe. Akasema, "Nenda. Kazi zako nitafanya." Basi, hakuongeza neno. Nilivuka nikiwa na kinyongo. Niliona hanihitaji, miaka yote ile nilikuwa mikono tu, na sasa amepata mikono mingine. Nikaapa kwamba mtoto wangu hatasikia neno hilo kutoka kwangu. Tazama kiapo hicho kilikonifikisha. Mama yangu alikuwa na mkono mmoja uliokuwa ukimuuma hadi alipofariki, na sikuwahi kufikiri ule unga wa chapati aliukanda vipi.

Sasa nikuambie ya leo, ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Ulipopanda boda kwenda Lunyo nilikaa hapa nikasema kabla sijaungama nimalize udadisi wangu. Nilikuwa nikijiuliza siku nyingi kama hakuna namna ya kumwambia mwenyeji mara moja tu kwamba ufunguo huu ni wa Mgeni, asiudake, badala ya kumkumbusha kila asubuhi. Nikaingia kwenye mipangilio ya Mgeni kabla hajaamka, nikatafuta mahali pa USB. Nikapata. Pana ubao wa kuandika vifaa ambavyo vikichomekwa tu vinakwenda kwa Mgeni moja kwa moja. Nikafurahi, nikasema leo nitamfundisha mwalimu wangu.

Ubao haukuwa mtupu. Kulikuwa na mstari mmoja, na namba zake ni za ufunguo wetu, nimezifananisha moja moja na risiti yangu. Jina la mstari limeandikwa kwa mkono wako: Mama. Na kile kisanduku cha kuwekea alama, pembeni yake, ni kitupu.

Nimekaa mbele ya mstari huo hadi chai ikapoa. Kwa hiyo ulikwisha kunitayarishia. Ungeweka alama ile moja, nisingehitaji orodha wala vitu vinne, ningechomeka tu. Uliandika jina langu, kisha ukaitoa alama. Lini? Kabla ya barua ya Arusha au baada? Uliogopa kwenda, ukapata kisingizio kwangu kama nilivyokipata kwako? Au uliniona nimesimama pale nimekunja mikono, ukajua najua, ukaniachia nikuhitaji? Tumekuwa tukidanganyana kila asubuhi, watu wawili wenye akili zao timamu, tukiulizana tumelalaje.

Sikulaumu. Kosa lako, kama ni kosa, ni dogo sana mbele ya langu. Mimi ndiye niliyesema siwezi. Ila kwa kuwa mimi ni mdadisi hadi kaburini, jioni hii uniambie jibu. Kama ni kunihurumia, usinihurumie tena. Kama ni woga, hata mimi nilivuka nikitetemeka, na mguu ulikwenda tu.

Nimeiweka ile alama. Nimemwamsha Mgeni, nimeuchomeka ufunguo bila kugusa kitu kingine chochote. Mwenyeji hakuudaka. Ufunguo ulikwenda moja kwa moja kwa Mgeni, programu ikafunguka. Nikashona. Flashi nimeichomoa kwa adabu, nimengoja hadi Mgeni amalize, na wewe unajua ilivyonigharimu kungoja. Chini ya karatasi hii kuna sweta ya bluu, Arusha nasikia kuna baridi. Jina lako liko kifuani, na juu ya jina kuna jogoo. Hesabu miguu yake, yote iko.

Kanzu za Ijumaa nimeshazipanga. Mwalimu Ojambo anakuja kesho saa nne kwa sweta za muhula ujao. Wewe saa hiyo utakuwa umekwisha vuka, nami nitamwambia nimesema. Basi lako ni la saa kumi na mbili asubuhi.

Nenda, Jamila. Kazi zako nitafanya.

Mama